Vidole tunachukuliwa wakati wa kujiandikisha, mbona siku ya kura hakuna anayevisoma?

FundiRedio wa Mbagala

Wakuu heshima kwenu. Juzi nimeenda kuboresha taarifa zangu kwenye daftari la wapiga kura maana nimehama Morogoro nimekuja huku Mbagala. Nikafika kwa yule kijana wa BVR, ile mashine ya kuandikisha kwa vidole na picha, akanipiga picha, nikaweka vidole kwenye kile kioo, nikasaini, kadi ikatoka hapohapo. Safi kabisa sina malalamiko. Ila wakati narudi likanijia swali, nimeuliza watu kijiweni kila mtu ana jibu lake na hakuna linaloeleweka.

Vidole tumeanza kuchukuliwa 2015, mtakumbuka ule mwaka uandikishaji ulianzia Makambako kule Njombe ukaenda pole pole mpaka kura ya maoni ya Katiba iliyokuwa ifanyike Aprili 30 ikaahirishwa kwasababu zoezi la BVR lilikuwa halijaisha. Sawa. Sasa siku ya kupiga kura yenyewe, 2015 na 2020 zote, mimi nilitoa kadi, karani akatafuta jina kwenye daftari la karatasi lenye vipicha, akalitaja kwa sauti mawakala wasikie, nikapewa karatasi zangu nikapiga nikatumbukiza, kidole kwenye wino, kwaheri. Hakuna sehemu yoyote niliyoweka kidole kwenye mashine. Na ukipoteza kadi unaruhusiwa kutumia pasipoti au leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa cha NIDA ili mradi majina yafanane na yaliyopo kwenye daftari.

Hivi vidole vyetu vinafanya kazi gani huko viliko? Na je tudai mashine iwepo na siku ya kura kama wenzetu Kenya, au itakuwa hela zimeenda bure? Naomba majibu ya watu wanaojua, ushabiki wa vyama tuuache kwenye zile nyuzi zake.

Mtu wa Data

Swali zuri mkuu, na wengi wanakosea kwasababu wanachanganya kazi mbili zinazofanywa na kidole kilekile.

Kazi ya kwanza ni kusafisha daftari. Wewe umejiandikisha Morogoro, umekuja Mbagala ukasema ni mpya badala ya kusema umehama, mfumo unachukua vidole vyako unavilinganisha na vya watu wote waliomo. Daftari la 2020 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 29 kwahiyo hiyo ni kazi ya kompyuta kubwa makao makuu, haifanyiki pale kwenye meza ya uandikishaji, inafanyika baadae data zikishakusanywa. Akionekana mtu mmoja kaandikwa mara mbili wanaondoa moja. Vidole vyako vinafanya hiyo kazi na ni kazi kubwa usiidharau, maana madaftari ya zamani ya kuandika kwa mkono mtu aliweza kujiandikisha vituo vitatu na hakuna wa kumkamata.

Kazi ya pili ni kumtambua mtu mlangoni siku ya kura. Hapa mashine haitafuti kwa mamilioni, unatoa kitambulisho, inachukua rekodi moja tu ya mwenye kitambulisho hicho inauliza kidole hiki ni cha huyu au sio cha huyu. Hii Tanzania hatufanyi. Sisi mlangoni tuna macho ya karani, macho ya mawakala, picha ndogo kwenye karatasi, na wino.

Jambo moja ambalo watu hawaambiwi. Mashine haisomi kidole ikasema ndio au hapana kama malaika. Inatafuta sehemu ambazo mistari ya kidole inakatika au inagawanyika, inalinganisha na zile zilizotunzwa, halafu inatoa maksi za kufanana, na kuna binadamu alishakaa mahali akaamua maksi zikifika ngapi tukubali. Ni chekecheke tu: ukiweka matundu madogo sana wenye haki wanabaki juu, ukiweka makubwa wanapita na wasiokuwa wenyewe. Kwahiyo akija mtu hapa akakwambia mashine haikosei muulize matundu yamewekwa ukubwa gani na nani kayaweka.

Simba Mzee

Porojo. Mashine za nini na tume ni ileile. Hata mkiletewa mashine inayosoma mboni za macho mpaka mapigo ya moyo, anayehesabu na kutangaza ni nani? Tuanzie hapo kwanza

FundiRedio wa Mbagala

@Simba Mzee nimeelewa mkuu ila ndio maana nikasema ushabiki pembeni. Swali langu ni la mlangoni, la kutangaza fungulia uzi wake nitakuja kuchangia.

Karani 254

Niaje watu wa TZ. Mimi ni Mkenya, nimefanya kazi ya karani 2017 na 2022, pande za Bonde la Ufa, kituo sitataja. Wacha niwaambie vile inakuwa kwa ground.

Mashine inaitwa KIEMS, ni kama tableti hivi iko na kisoma kidole. Mpiga kura anakuja na kitambulisho, unakiscan, anaweka kidole, picha yake inatokea kwa skrini na majina, maajenti wanaona, anasonga kwa karani wa karatasi anapewa zake sita, ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yule mjumbe wa bunge la kaunti. Ikienda poa ni sekunde tu. Na watu wengi hudhani lazima kuwe na network, hapana, data ya wapiga kura wa kituo hicho imeshawekwa ndani ya hiyo mashine kwa memory card. Network inahitajika jioni wakati wa kutuma matokeo, hiyo ndio shida ingine kabisa, 2017 tume ilisema vituo kama elfu 11 haviko na network ya kutosha ikabidi watu wapange kutafuta mahali pa kuyatuma.

Sasa ile sehemu inasumbua. Kwetu ni chai. Mama amechuma chai tangu usichana, vidole vimekuwa laini kama karatasi, hakuna mistari. Anaweka kidole gumba, mashine inakataa. Tunampea kitambaa apanguse, inakataa. Tunajaribu kidole kile kingine na kile kingine na foleni nyuma inaanza kunung'unika, ati karani analala. Wazee wa mawe ya ujenzi ni vilevile, na wamama wa kufua nguo. Hawa watu sheria haiwafukuzi. Unaandika namba ya kitambulisho kwa mkono kwa mashine, picha inatoka, msimamizi wa kituo anathibitisha, mnajaza Fomu 32A, maajenti wanasaini. Anapiga kura yake anaenda nyumbani.

Lakini sasa sikieni vizuri. Hiyo 32A ndio ajenti mjanja anaangalia siku nzima. Kwa sababu kama mtu anataka kupitisha kura za watu ambao hawakukuja, kidole hakiwezi, atatumia ule mlango wa mashine imekataa. Nimeona ajenti mmoja alikuwa na kadaftari kake kadogo anahesabu kila mtu wa 32A mmoja mmoja, akienda msalani anaachia mwenzake. Huyo ndio ajenti, si wale wa kukuja kula lunch na kusinzia.

2013 ndio ilikuwa kichekesho, zile mashine za EVID za kutambua wapiga kura kabla ya KIEMS. Laptop zimeletwa kwa madarasa ya shule hayana hata soketi, betri ikaisha saa nne, zingine hazikuwa zimechajiwa kabisa, zingine PIN hakuna mtu anaijua. Vituo vingi vikarudi kwa karatasi.

Wakili wa Mtaani

Naongezea kwa Karani hapo juu upande wa sheria, maana hii historia yetu ina mafunzo mengi kwa mwenye kuuliza.

Mashine Kenya haikuja kwa kupenda teknolojia. Ilikuja baada ya damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza ikakuta daftari lina marehemu takriban milioni 1.2. Yaani wafu walikuwa wengi kuliko wapiga kura wa kaunti nyingi za sasa! Ndio tukaanza kwa majaribio maeneobunge 18 kwenye kura ya maoni ya 2010, halafu 2012 nchi nzima tukaandikishwa upya kwa vidole, watu milioni 14.3.

Mashine za mlangoni zilipofeli 2013 kesi ikaenda Mahakama ya Juu, mahakama ikakubali matokeo ya daftari la mkono, lile la kijani. Mnaona hapo? Na hata wakati huo kulikuwa na daftari maalum la watu zaidi ya elfu 30 ambao vidole vyao havikuweza kuchukuliwa, na wapinzani wakalitilia shaka hilohilo. Kila mahali palipo na mlango wa nyuma wa halali, kuna mtu atasema umetumika kwa haramu, na kuna mtu kweli atajaribu kuutumia.

2017 ndio watu wa nje hawaelewi. Chris Msando aliyekuwa meneja wa teknolojia wa tume aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi. Kisha Septemba 1 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Maraga ikafuta uchaguzi wa rais. Nauliza watu, ulifutwa kwasababu ya vidole? Hapana. Ulifutwa kwasababu ya namna matokeo yalivyotumwa na tume kukataa kufungua seva zake zikaguliwe. Vidole vilifanya kazi yake vizuri tu mlangoni, ugomvi ukahamia jikoni, kule matokeo yanakojumlishwa.

2022 sasa. Wapiga kura milioni 22.1, vituo 46,229. Kabla tu ya uchaguzi Mahakama Kuu ikaagiza daftari la karatasi liwepo kama akiba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha ile amri, mwananchi wa kawaida hajui ashike lipi. Siku yenyewe mashine zikagoma sehemu za Kakamega na Kibwezi Magharibi kule Makueni na tume ikabidi iruhusu karatasi huko. Mahakama ya Juu baadaye ikasema zilifeli vituo 235 na wapiga kura 86,889 wakaruhusiwa kupiga kwa daftari la mkono. Kwa hesabu ya nchi ni kidogo. Lakini kwa mgombea wa MCA pale Kibwezi asubuhi ile, watu wamekaa kwa laini wakachoka wakarudi shambani, si kidogo.

Na mkiniuliza mimi kitu kilichobadilisha Kenya 2022 kuliko vidole vyote, ni picha. Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo, ilipigwa picha ikawekwa kwa mtandao wa wazi kila mtu ajumlishe mwenyewe. Vijana walikuwa wanajumlisha kwa simu zao kwa matatu. Hiyo haihitaji kidole cha mtu yeyote.

Simba Mzee

@Wakili wa Mtaani sasa hapo ndio ulikuwa unazungumza na mimi kaka. Jikoni! Ndio nilichosema

Sharifa Kisauni

Assalam aleikum nyote. Mwapigia kidole makofi lakini mimi niwaulize, hicho kidole mwenyewe nani? Ukishakitoa hakibadiliki. Neno la siri likiibwa wabadilisha, kidole utakibadilisha na nini?

Haya, mfano ninao hapahapa Kenya. Ndugu zetu wa Garissa, wakati wa ukame familia nyingi Wakenya halisi walijiandikisha kwenye kambi za wakimbizi ili wapate chakula, wengine walikuwa watoto wadogo, wakachukuliwa vidole. Wamefika umri wa miaka kumi na minane waenda kuomba kitambulisho, mashine yasema wewe ni mkimbizi. Basi. Hakuna kitambulisho, na bila kitambulisho huandikishwi kura, hupati laini ya simu, hupati kazi. Maelfu ya watu, miaka na miaka wasubiri kufanyiwa uhakiki ili watolewe kwenye lile daftari la wakimbizi. Na mashine haikukosea wallahi, kidole ni chake kweli. Waliokosea ni wale waliochukua kidole kwa jambo la chakula kikaja kutumika kwa jambo la uraia.

Tena 2021 si watu walijikuta wameandikishwa wanachama wa vyama vya siasa bila habari yao? Mtu aingia kwenye tovuti ya serikali ajikuta yeye ni mwanachama wa chama asichokijua hata rangi zake. Kwa hivyo ndugu wa Mbagala kabla hujadai mashine dai kwanza kujua data yako yakaa wapi na nani ana ufunguo.

Mwana wa Bukavu

Jambo bandugu. Mutanisamehe Kiswahili ya kwetu. Huku Kongo watu hawapange mustari juu ya kuchagula tu, wanapanga juu ya karte. Karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho yetu, kingine hatuna, ukienda banki ni ile, barabarani askari akikusimamisha ni ile. Basi hata mutu asiyejali siasa anaenda kutoa vidole sababu anataka karte.

Sasa zile za kuandikisha kwa 2023 zilikuwa zinafutika! Unaiweka mufukoni, miezi kidogo sura imepotea, jina halisomeki. Tume ya uchaguzi, CENI, ikabidi itoe zingine za kurudilia. Vidole viko kwa kompyuta Kinshasa, lakini pa mulango wa kuchagulia hakuna mashini ya kusoma vidole, wanaangalia karte, na karte haina kitu. Watu wakageuka kutafuta jina kwa liste ya kubandika ukutani.

Na ile mashini ya Wakorea tuliyoletewa 2018 watu wengine wanafikiri ni ya vidole, hapana, ile ni ya kugusa sura ya candidat inachapa karatasi tu. Wapinzani waliiita mashini ya kuiba. Haikukujua wewe ni nani hata kidogo.

FundiRedio wa Mbagala

Dah, huu uzi umekuwa darasa. Sasa @Mtu wa Data nirudi kwako. Kama mashine ikikataa wanarudi kwenye karatasi, na karatasi ndio tuliyonayo sisi tangu zamani, si bora tubaki nayo tu? Tunaokoa hela, na yale mambo ya mama wa chai hayatukuti.

Mtu wa Data

Hapana mkuu, sio sawa. Tofauti ni idadi. Kwetu watu wote wanapita kwa macho ya karani. Kwa wenzetu wanaopita kwa macho ni wachache na kila mmoja anaacha fomu yenye saini za mawakala, kwahiyo ukitaka kukagua unajua pa kuanzia. Pia mashine inahesabu wangapi wametambuliwa, ukikuta kituo mashine inasema watu 300 na sanduku lina kura 420 huna haja ya shahidi. Kwetu hiyo namba inatoka kwenye alama za kalamu za karani.

Lakini uamuzi mgumu ni kwamba mashine ikisema hapana unafanya nini, na lazima uandikwe mapema sio siku hiyo saa tano asubuhi watu wanapigwa na jua. Ghana 2012 walienda na msimamo mkali, hakuna uhakiki hakuna kura. Mashine zikagoma sehemu kadhaa, kura ikabidi iendelee siku ya pili, halafu kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu wakibishana kama kuna waliopiga bila kuhakikiwa, hukumu ikatoka Agosti 2013 matokeo yakabaki. Nigeria 2015 mashine ya kusoma kadi ilimkataa Rais Goodluck Jonathan mwenyewe kijijini kwake Otuoke, rais wa nchi, kamera zote zipo! Wakamwandika kwa mkono akapiga kura yake. Sasa rais anaandikwa kwa mkono haraka, je bibi yako wa Namtumbo ambaye hana kamera nyuma yake?

Halafu 2023 haohao Nigeria wakaja na mashine ya BVAS inayosoma kidole na sura, kwa kutambua watu ilienda vizuri kiasi kuliko zamani, ila fomu za matokeo ya urais zikashindwa kupanda kwenye mtandao wao kwa wakati na uchaguzi wote ukaingia doa kwa hilo. Wakili kaliita jikoni, ni hukohuko.

Kwahiyo mimi nikiulizwa nitasema hivi, hela ikiwa ni ya kuchagua kitu kimoja, ningetaka kwanza fomu ya matokeo ya kila kituo ipigwe picha iwekwe wazi mtandaoni, mashine ya mlangoni baadae. Najua kuna watakaobisha.

Karani 254

Nabisha kidogo tu. Fomu ya wazi bila kujua ni watu wangapi walikuja ni fomu safi ya uongo. Mtu anaweza jaza kura za wale hawakukuja, aandike fomu vizuri, apige picha vizuri, aweke mtandaoni. Hesabu zinajumlika sawasawa. Hizo vitu mbili zinaenda pamoja.

Mtu wa Data

@Karani 254 hapo umenishika, nakubali kwa kituo ambacho hakina wakala wa maana. Kwenye wakala makini wino na macho vinatosha.

Karani 254

Na wakala makini analipwa na nani saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku wa manane? Vyama vidogo huku kwetu haviwezi weka ajenti kila kituo, nyinyi mnaweza?

Simba Mzee

Hawawezi. 2020 vyama vingine wakala alikuwa anatafutwa siku mbili kabla

FundiRedio wa Mbagala

Sawa wakuu nimeshiba. Jamani sasa kwa vitendo, mimi mwananchi wa Mbagala sina mashine sina seva, naweza kufanya nini na hilo daftari kabla ya siku yenyewe?

Mtu wa Data

Daftari la awali huwa linabandikwa vituoni baada ya uandikishaji, watu wengi hawaendi kuangalia. Nenda. Angalia jina lako kwanza halafu soma na majina ya mtaani kwako, ukiona mtu ambaye mlimzika au asiye na sifa sheria inakuruhusu kuweka pingamizi. Kompyuta inaweza kumkamata aliyejiandikisha mara mbili, ila haiwezi kujua kwamba Mzee fulani wa nyumba ya nne alifariki mwaka juzi, hilo mnalijua nyie mtaani.

FundiRedio wa Mbagala

Kwenye mtaa wetu ninaowajua wameshatangulia mbele ya haki ni kama wanne hivi. Likibandikwa nakwenda, nitaleta mrejesho hapahapa.

Sharifa Kisauni

Na tuambie pia kama wewe mwenyewe umo, au wamekuacha Morogoro.